Mkono Nilioinulia Pikipiki

Ixelles, nyuma ya Porte de Namur,
Brussels.
Jumanne, mvua inanyesha kama kawaida.

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Burhani,
Idara ya Barabara na Vivuko,
Jiji lenu, Gujarat, India.

Mheshimiwa Mhandisi, ambaye pia ni mkwe wangu (jambo linalobishaniwa hapa chini),

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA MAGARI YA JIJI ZIMA ILI NIVUKE, AU, HILO LIKISHINDIKANA, KURUDIWA KWA NDOA YA BINTI YANGU

Kichwa cha habari hapo juu kihusike chenyewe. Changu hakihusiki na chochote tangu nirudi kutoka kwenu. Nakuandikia kwa heshima mbili. Moja ni ya mwananchi kwa mhandisi wa serikali, hata kama serikali si yake. Ya pili ni ya baba mkwe kwa mkwe, ambayo kwetu Tanga, kama unavyojua maana ulizaliwa na kukulia huko Barabara ya Tisa kabla wazee wako hawajarudi India, inamkataza baba mkwe kumwambia mkwe wake neno zito uso kwa uso. Barua haina uso. Kwa hiyo nitasema.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Binti yangu Aïcha ameniandikia kuwa Mungu akipenda atajifungua mwezi ujao, na anataka mimi, si mwingine, nimwadhinie mtoto sikioni. Nimefurahi mpaka nimewaambia watu kwenye foleni ya mkate. Kisha nikauliza hospitali iko wapi. Akanijibu kwa furaha yake yote: "Baba, ni ileile barabara ya harusi! Mkabala na hoteli uliyofikia!"

Mheshimiwa, nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa zaidi.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, ieleweke kwamba mimi si msomi wa barabara. Mama mkwe wako, Evaline, ndiye aliyetuleta Ubelgiji kwa kazi yake ya ofisini kule karibu na stesheni ya Gare du Nord. Yeye alipata meza, mimi nikapata dirisha. Dirisha letu linatazama zebra, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine baada ya kuosha vyombo, nimeisoma zebra ile mpaka nimehitimu. Hapa mtu akiweka mguu kwenye mistari, gari linasimama. Halisimami kwa mapenzi. Jirani yangu Karel, kwa mfano, husimama, humwacha mtu apite, kisha humtukana kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi, maana mji huu ni wa lugha mbili na yeye ni raia mwema. Lakini husimama. Nami nimezoea kutukanwa nikiwa hai.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Kwamba zebra yenu ni pambo.

Siku ya harusi niliteremka hotelini nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, joho la kuazima na kofia ya kushonwa kwa mkono. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara. Niliuona. Niliona hata maua. Mbele yangu palikuwa na mistari myeupe mizuri, mipya, na kibao chenye picha ya mtu anayetembea bila wasiwasi. Huyo mtu wa kwenye kibao ningependa kuonana naye.

Nikafanya kama tunavyofanya Brussels: nikamtazama dereva machoni, nikatoa mguu mmoja. Gari la kwanza likanikwepa kwa mbele, la pili kwa nyuma, na pikipiki yenye familia nzima pamoja na mtungi wa gesi ikapita kati ya mguu nilioutoa na mguu niliouacha. Mama aliyekaa nyuma akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga sebuleni.

Lugha yetu inaita mahali pale kivuko, jina lilelile la pantoni. Ni kosa. Pantoni hata ikichelewa, inakuja.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu wewe mwenyewe ulisomea barabara hapa Ubelgiji. Mlituambia kwa midomo yenu kwamba mlionana mara ya kwanza kwenye zebra ya Porte de Namur: Aïcha akasimama, ukasimama, gari likasimama, dereva akachoka kuwangoja mkichekeana. Penzi lenu ni tunda la nidhamu ya barabarani. Umekula tunda, mkwe wangu, halafu umekwenda kwenu ukawachorea watu picha ya mti.

2. Kuhusu honi.

Hapa Brussels honi ni tusi. Ukipigiwa, unajua umekosa, au mwenzako ameachwa na mkewe. Kwenu honi ni uradi. Kila anayepita anautoa, na ya lori ina beti na kibwagizo. Mimi kwa malezi yangu nilianza kuziitikia kwa kichwa, moja moja. Shingo iliniuma mpaka Ulaya.

Katikati ya honi hizo nikajikwaa kwenye ukingo wa barabara, na mjomba wako aliyekuwa ng'ambo akapaza sauti: "Hamadi!" Unajua kwamba kwetu mtu yeyote akijikwaa huambiwa hamadi. Tatizo langu ni kuwa ndilo jina langu. Mpaka leo sijui kama mjomba wako alinihurumia au aliniita. Kwa tahadhari nikamjibu yote mawili, "Salama!" na "Naam!", na lori likapita juu ya majibu yote. Upepo wake ukaninyang'anya kofia. Kofia ikaruka, ikabingirika chini ya teksi mbili, ikafika ukumbini. Baada ya Evaline, ndiyo iliyokuwa ya pili kuwasili kwa upande wa bibi harusi.

3. Lalamiko la tatu nimeliondoa baada ya Evaline kulisoma.

Badala yake amenitaka nieleze alivyovuka yeye, kwa faida ya ofisi yako. Anasema alimshika mkono mama mmoja muuza mboga, wakaingia barabarani wakizungumza habari za bamia, kila mmoja kwa lugha yake, na magari yakawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. "Wewe ulitaka wakusimamie kama waziri," aliniambia. "Mimi nilitembea tu." Nimeliweka hapa kwa amani ya nyumba. Silikubali.

4. Kuhusu bajaji.

Nilipoona jua linapanda nikaita bajaji, nikamwonyesha dereva ukumbi kwa kidole. Akacheka. Akawaita wenzake, wakaja wakacheka. Kumbe kufika ng'ambo kwa magurudumu ni lazima uende mpaka kwenye daraja la juu, ugeuke, ndipo urudi. Tukaenda. Tukageuka. Akanishusha mbele ya ukumbi wenye taa na maua, wazee wakanipokea, wakaninyunyizia marashi, wakanilisha wali wa zafarani, wakanikalisha karibu na bwana harusi, tukapigwa picha.

Bwana harusi hakuwa wewe.

Nasema hivi kwa uchungu: leo hii, katika nyumba fulani ya jiji lenu, nimo kwenye picha ukutani, nimekaa katikati ya ukoo nisioujua, natabasamu bila kofia. Walipotambua kosa walisikitika sana, wakanifungia na peremende za njiani, wakanitafutia gari. Gari likanirudisha kwa heshima zote mpaka mlangoni pa hoteli yangu. Upande uleule.

5. Kuhusu mkono.

Hapa ndipo kesi ilipo. Tafadhali soma polepole.

Nilipokuwa nimerudi pale kwenye mistari, mlitoka kwenye roshani ya ukumbi: wewe, Sheikh Kadiri wa kufungisha ndoa, mjomba wako, na mashahidi. Mlikuwa mmeningoja. Nimeambiwa baadaye kwamba watu wa ukumbini walitaka kuja kunichukua, na ni wewe, Mheshimiwa, uliyewazuia. Ulisema, na ninaye shahidi aliyekuwa kwenye dirisha la akina mama: "Mwacheni mzee. Kwetu Tanga baba wa binti haji mbio kama anafukuzwa. Anafanya staha. Ukimwendea utamwudhi."

Staha! Nilikuwa nahesabu pikipiki nikitafuta mwanya wa kupitisha kanzu, ninyi ng'ambo mnaita staha. Evaline anasema wageni wenu walinisifu sana. Walisema hawajawahi kuona baba mwenye kujiheshimu namna ile, amesimama juani, hasogei hatua.

Basi Sheikh akaniuliza, kutoka roshani, kwa sauti yake yote, kama ninamwozesha Aïcha binti Hamadi kwa Burhani kwa mahari mliyokubaliana. Sikusikia neno. Niliona ndevu zikicheza. Na dakika hiyohiyo nilikuwa nimeamua kujaribu njia ya wenyeji, niliyokuwa nikiitazama kwa muda mrefu: mtu anainua mkono wa kuume, kiganja kwa magari, anaingia bila kukimbia. Nikasema bismillahi. Nikainua mkono. Nikaukunjua vizuri. Nikawaonyesha wenye pikipiki.

Sheikh akasema: "Walii ameridhia."

Vigelegele vikalipuka. Mimi huku, niliposikia vigelegele, nikatazama kulia na kushoto. Nilidhani kuna mtu amefanikiwa kuvuka.

Kisha Aïcha akatokea roshani, amepambwa, akanipungia. Nikampungia kwa mkono uleule maana ulikuwa bado juu. Likapita basi refu katikati yetu, na lilipokwisha kupita, alikuwa ameshaingizwa ndani. Lalamiko hilo sijalipa namba.

6. Kuhusu bibi wa sari ya kijivu.

Pale kwenye mistari sikuwa peke yangu. Alikuwepo bibi mmoja, mwembamba, sari ya kijivu, ana mfuko wa nailoni wenye picha zake za eksirei, na hospitali yenu hiyohiyo iko mbele yake. Tulikuwa hatuelewani lugha, lakini tulielewana kazi. Yeye akisogea, nami nasogea. Yeye akirudi, nami narudi. Akanipa peremende ya iliki. Baadaye akautazama mfuko, akaitazama hospitali, akanipungia mkono kwa upole, akageuka akaenda zake nyumbani.

Mhandisi, nina hakika ofisini kwako kuna hesabu za waliogongwa. Huyu hamo. Hakugongwa. Hakufika tu. Wazee wa namna hiyo mnao wangapi, wanaosimama, wanaochoka, wanaorudi na maradhi yao mkononi? Kwenye kabati lako la ajali ni watu salama kabisa.

Haya. Nimeacha mzaha kwa aya moja, sasa naurudia, maana bila mzaha utaitupa barua.

Hoja yangu ya kisheria ni nyepesi. Kila mkono una maana yake. Kuna mkono wa heri, mkono wa pole, mkono wa Idi, mkono wa buriani. Katika kuozesha, walii, yaani baba wa binti, na bwana harusi hushikana mkono. Mkono wangu haukushikwa na mtu. Ulikuwa mkono wa breki. Kwa maneno mengine, ndoa ya binti yangu imefungwa kwa alama ya barabarani, na alama ya barabarani, katika jiji lenu, haimfungi mtu.

Chagua basi, Mheshimiwa. Ama mkono wangu ulikuwa na nguvu ya sheria, na hapo pikipiki zote zilizonipita zina kesi ya kujibu. Ama haukuwa na nguvu, na hapo wewe na Aïcha mmekuwa mkikaa kwa ruhusa ya lori. Hakuna njia ya tatu. Ya tatu nayo nadhani inapitia kwenye daraja la juu.

Usifikiri sikutafuta ushauri. Nilimpelekea shauri hili Dady, kinyozi wetu wa hapa mtaani Matonge, mtu wa Bukavu, ambaye kitini pake kila jambo hupata hukumu. Aliacha mashine hewani. "Attends, tonton Hamadi. Donc weye ulisema hapana kwa bamoto, na Sheikh akasikia ndiyo?" Nikamwambia ndivyo, nilizikataa pikipiki. "Bon. Ile ndoa iko nguvu sana. Bantu bengi banasema ndiyo, na roho inasema hapana. Weye ulisema hapana na mukono ikasema ndiyo. Mukono haina bongo." Kwao bongo ni uongo. Duka zima likacheka, na mteja mmoja mwenye povu nusu uso akaniuliza kama ninaweza kuja kumnyanyulia mkono mahakamani.

Nikaenda kwa Bibi Frieda. Huyu ni Mbelgiji mstaafu, alifundisha Katanga kwenye shule ya masista enzi zake, na sasa kila asubuhi husimama kwenye zebra ya shule hapa Ixelles, kizibao cha njano mwilini na kibao cha duara mkononi. Mabasi humwogopa. Nikamwuliza siri. "Monsieur Hamadi, barabara haiombwi," aliniambia. "Unatazama muntu ndani ya macho, unamupa kibao." Nikashtuka. Kwetu kumpa mtu kibao ni kumzaba kofi. Akanifafanulia, lakini alichelewa kidogo kufafanua, na nilivyomtazama mkono nikaona hata madereva wa barabara ya Chaussée d'Ixelles hawana uhakika ni kibao kipi.

Kwa kuwa sipendi kulaumu bila utafiti, nilijaribu pia mkono wenu hapa kwetu. Nilisimama Chaussée d'Ixelles, mbali na zebra ili matokeo yawe safi, nikainua mkono wa kuume, kiganja kwa magari, nikaingia. Basi likasimama. Nikafurahi. Likafungua mlango. Dereva akasema bonjour. Abiria wote wakanitazama. Sasa, mtu umesimamisha basi zima, umefunguliwa mlango, umesalimiwa; utafanya nini wewe mwenye malezi? Nikapanda. Nikashuka mbali, kwenye mvua, sina mwavuli wala sababu. Tangu hapo ninaushuku mkono wenyewe.

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako ichague mojawapo ya haya yafuatayo. Nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

(a) Bibi Frieda aazimwe. Nimeshamgusia. Yuko tayari kuja na kibao chake, ila anataka apate misa Jumapili na kiti cha kukalia adhuhuri. Mpeni njia panda moja tu kwa wiki ya kwanza. Ya pili mtamsikia mkiwa maofisini.

(b) Hilo likiwa gumu, mtuletee maombi rasmi tuwapelekee mashimo. Huku Brussels tunayo ya ziada. Mtaa wetu ulichimbwa kwa ajili ya maji, ukafukiwa, ukachimbwa kwa ajili ya umeme, ukafukiwa, na sasa unachimbwa tena, Evaline anasema wanatafuta koleo walilolisahau. Tangu uchimbwe hakuna mtu aliyegongwa. Gari lisilokwenda halimgongi mtu. Ni usalama wa hali ya juu, na unadumu miaka.

(c) Hilo nalo likishindikana, fuateni desturi yenu wenyewe. Siku zilizobaki za safari yangu nilikaa kwenye dirisha la hoteli, nikaisoma barabara yenu kama ninavyoisoma ya hapa. Nikaona kitu kimoja tu kinachoisimamisha: msafara wa harusi. Bwana harusi yuko juu ya farasi, matarumbeta mbele, shangazi wanacheza kinyumenyume, na jiji zima linangoja. Hata lile lori la beti lilizima honi, dereva akashuka akacheza.

Kwa hiyo, badala ya taa, kila zebra iwekewe kikosi cha matarumbeta. Mtu akitaka kuvuka, avalishwe kilemba, apigiwe wimbo mfupi, avushwe kama bwana harusi. Najua utauliza: je, anayevuka kila siku? Dini yetu inaruhusu wake wanne, kwa hiyo Mwislamu atavuka mara nne; safari ya tano atumie daraja. Wa dini nyingine watazame vitabu vyao. Wanawake nilikuwa nimependekeza wavuke mara moja, lakini Evaline amesoma hapa pia, na sasa wanawake wanavuka watakavyo.

(d) Ikiwa yote haya ni mazito kwa idara, basi ndoa irudiwe, tena kwenye kile kisiwa cha katikati ya barabara chenye ua la plastiki. Wewe utavuka nusu kutoka kwenu, mimi nitavuka nusu kutoka hotelini. Kila upande utoe nusu barabara. Sheikh Kadiri atasimama katikati na miwani, tutashikana mkono kama watu, na mara hii nitakuwa nasema ndiyo kwako, si hapana kwa pikipiki. Nina hakika magari yatasimama, maana itakuwa harusi. Yasiposimama, walau tutakuwa tumekufa wakwe halali.

Hadi jibu lako litakaponifikia, msimamo wangu ni kwamba siji. Mtoto akizaliwa kabla barabara haijawa na adabu, nitaadhini nikiwa upande wa hoteli, kwa kipaza sauti, na dirisha la hospitali liachwe wazi. Lakini nakuonya kama baba: kwa honi zile, mtoto atasikia nusu adhana na nusu lori, na akija kuwa dereva tusilaumiane.

Nisalimie mama yako, ambaye alinipelekea biriani hotelini na akanikuta nalia, nikamwacha aamini ni pilipili. Nisalimie mjomba, mwambie Hamadi yu salama, kwa maana zote mbili. Nisalimie muuza mboga, jina lake Evaline analijua, mimi sikupewa. Msalimie Sheikh Kadiri na macho yake ya mbali. Yule bibi wa sari ya kijivu ukimwona amesimama, usimsalimie kwa niaba yangu, mvushe. Na Aïcha umpe salamu za peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Wako katika kusimama pembeni kwa utii,

HAMADI
Walii (hajavuka)

Nakala: Sheikh Kadiri, kwa taarifa na kwa aibu kidogo.
Bibi Frieda, ili aanze kufungasha.
Evaline, ambaye hakungoja nakala.

Tanbihi: Burhani mwanangu, nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Amezaliwa! Wa kike, kabla ya siku zake, mzima, na Evaline alipoiweka simu sikioni kwangu nikamsikia mwenyewe analia. Hiyo pumzi! Lori litapisha. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana kwa posta nitaitangulia: Evaline amekata tiketi wakati mimi natafuta miwani, tunatua Ijumaa alfajiri. Hayo ya kisiwa, ya matarumbeta na ya ndoa acha kwanza. Baba wa mjukuu wangu ni mkwe wangu, nani anabisha? Asimwadhinie mtu. Mzibeni masikio kwa kikofia mpaka nifike. Njoo uwanjani na pikipiki. Mama mkwe wako na mabegi watapanda teksi wazunguke huko darajani, sisi wawili tukate katikati. Nitakushika kiuno, adabu ya ukwe tutaijadili baadaye. Na njiani, mwanangu, nakuomba kwa mikono miwili: bonyeza honi usiiachie, na kwenye zebra usimsimamie mtu.